Kupokea Msaada si Aibu

Ziko methali mbili ambazo husemwa mara nyingi mbele ya kijana aliyepotoka, na zote mbili husemwa kana kwamba ni hukumu isiyo na rufani. Ya kwanza ni ile isemayo, samaki mkunje angali mbichi. Maana yake, huyu wetu amekwisha kauka, hakunjiki tena. Ya pili ni ile isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mzazi akisha kuzitamka, hukung'uta mikono yake na kujiona ametimiza wajibu wake wote, na tangu siku hiyo kijana huhesabiwa nyumbani kama mtu aliyehama.

Wazee waliotuachia methali hizo hawakukosea. Ya kwanza yamhimiza mzazi awahi, wala haimpi ruhusa ya kukata tamaa. Na ya pili yasema juu ya sikio la kufa, wala haitupi sisi mamlaka ya kutangaza kifo cha sikio la mtu aliye hai. Basi katika makala hii twataka kuliuliza swali ambalo methali hizo, zikitumiwa vibaya, hulifunika. Je, mtu wa miaka 15 au 16 aliyeharibika aweza kubadilika? Na kama aweza, mbona wengi katika vijana hao wakinyoshewa mkono huusukuma? Ni kitu gani kimfanyacho mtu anayezama amkatae mwenye kamba?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Katika familia nyingi za nchi yetu huulizwa usiku, taa zikisha kuzimwa, na baba na mama wasiopata usingizi.

Tuutazame mkoa wa Singida, ulio katikati ya nchi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 1963, na katika sensa ya mwaka 2022 wakazi wake walihesabiwa kuwa kama milioni 2. Ni nchi ya mawe makubwa na upepo, ya alizeti na vitunguu, ya asali na kuku wa kienyeji. Mvua zake ni chache, nazo huja kwa msimu mmoja tu. Mji wenyewe umekaa njia panda. Barabara moja yatoka Dodoma, nyingine yaenda Babati na Arusha, nyingine yapita Nzega hata Mwanza. Njia panda huleta biashara, lakini pia huwaita vijana. Aliyegombana na baba yake huko Ikungi au Mkalama hana haja ya kwenda mbali ili apotee. Apanda gari asubuhi, na kabla ya jua kuchwa yuko stendi, kati ya watu wasiojua jina lake wala la ukoo wake.

Wengine huyaelekea machimbo. Dhahabu ya Singida si habari mpya, kwa maana mgodi wa Sekenke katika Iramba ulianza tangu siku za Wadachi, mwaka 1909. Katika miaka yetu hii wachimbaji wadogo wamekusanyika Londoni katika wilaya ya Manyoni, na Sambaru katika wilaya ya Ikungi. Mahali pa namna hiyo mwenye shimo hutazama mikono ya kijana, hatazami daftari lake. Na fedha iliyopatikana leo hutafuta njia ya kutoka leo leo, katika pombe, bangi na kamari. Hatusemi kwamba kila aendaye machimboni au stendi ameharibika. Wako wengi walio wachapa kazi na wanaowatunza wazazi wao. Twasema tu kwamba kwa kijana anayekimbia, mlango wa kukimbilia uko karibu.

Tumfikirie kijana mmoja wa huko, ambaye si mtu fulani bali ni mfano wa wengi. Ana miaka 16. Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Ada haikuwa sababu, kwani tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hata kidato cha nne. Sababu ilikuwa utoro mdogo, kisha utoro mkubwa, kisha aibu ya kurudi. Usiku mmoja aliiba magunia mawili ya alizeti ya baba yake, akayauza, akazila fedha na wenziwe. Sasa hulala popote. Mjomba wake amfuata stendi na kumwambia, "Mwanangu, turudi nyumbani, mambo haya yatazungumzwa." Naye ajibu pasipo kumtazama usoni, "Sitaki, mjomba. Niacheni." Mjomba arudi na habari kwamba kijana hataki. Lakini je, ni kweli hataki?

Tukilichunguza neno hilo "sitaki," twaona kwamba ndani yake mna mambo matatu, na hata moja si ubaya mtupu.

La kwanza ni aibu. Kijana ajua jinsi msaada wa nyumbani unavyotolewa. Kabla ya kupewa sahani ya ugali itampasa asikilize habari ya makosa yake yote tangu utoto, mbele ya shangazi, wajomba na majirani walioitwa makusudi. Akila chakula hicho, ni kama ametia sahihi chini ya maneno yote yaliyosemwa. Kwa hiyo huona afadhali njaa, kwa kuwa njaa humwachia hata hivyo kitu kimoja, nacho ni heshima yake mwenyewe, iwe ndogo namna gani.

La pili ni hofu ya deni lisilokwisha. Msaada usioweza kulipwa humfanya mtu kuwa mtumwa wa aliyemsaidia. Kijana amekwisha kuwaona wenziwe walioinuliwa na jamaa, ambao hata leo, wakitoa neno lolote katika kikao, hunyamazishwa kwa kuambiwa, "Wewe ungekuwa wapi leo kama si sisi?"

La tatu ni zito kuliko hayo mawili, ingawa halisemwi. Ni hofu ya kutumaini. Maadamu asema kwamba hajali, hakuna awezaye kusema kwamba ameshindwa. Lakini siku atakapokubali kurudi shuleni, au kukaa chini ya fundi ajifunze kazi, macho yote yatamwangalia. Na akianguka tena, ataanguka mbele ya watu. Aliyelala chini hana pa kuangukia. Ndiyo maana wako vijana wanaoshikilia maisha mabaya, si kwa kuyapenda, bali kwa kuwa ndiyo maisha pekee ambayo wamekwisha kuyajua mwisho wake.

Bara letu la Afrika lilipata kumzaa kijana wa namna hiyo, naye baadaye alilichunguza jambo hili kwa bidii kubwa. Huyo ni Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16 masomo yake yalikatika, kwa kuwa baba yake alikuwa bado hajapata fedha za kumpeleka mji wa Karthago. Akakaa nyumbani bila kazi. Ndipo usiku mmoja alipotoka na wenziwe kuiba matunda ya jirani, wala si kwa njaa, maana mengi waliwatupia nguruwe. Kisa hicho hakina ugeni kwetu: masomo yaliyokatika, siku zisizo na kazi, kundi la rafiki, na wizi usio na faida.

Alipokuwa mtu mzima Augustino aliona ajabu moja iliyomsumbua. Akili ikiuamuru mkono usogee, mkono watii mara moja. Lakini akili ikijiamuru yenyewe itake lililo jema, yasita. Mtu ataka, na papo hapo hataki. Walikuwapo waliofundisha kwamba ndani ya mtu mna nafsi mbili, moja njema na moja mbaya, zinazopigana. Yeye alilikataa fundisho hilo. Alisema kwamba ni mtu yule yule mmoja, ambaye utashi wake haujawa mzima, bali umegawanyika.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu la kwanza. Kijana asemapo "sitaki," hasemi uongo, lakini pia hasemi kweli yote. Nusu yake haitaki, na nusu yake yangoja kuona kama mjomba atarudi tena. Mtu ambaye ndani yake mna nusu inayotaka si samaki mkavu, wala sikio lake halijafa. Kwa hiyo aweza kubadilika, si kwa sababu wengine watamkunja, bali kwa sababu yeye mwenyewe, kwa sehemu, amekwisha kulitamani badiliko. Kazi ya msaidizi ni kusema na ile nusu inayotaka, na kuipa nguvu, mpaka iweze kuishinda nyingine.

Tukisha kulifahamu hilo, twaweza kuyapima majibu ambayo watu hupenda kuyatoa.

Jibu la kwanza ni fimbo. "Sisi tulipigwa, tukanyoka," husema watu wazima wengi, na hatuwezi kukana kwamba wamo walionyoka. Lakini tuulize kwa makini fimbo yafanya nini. Yaweza kuuzuia mkono usiibe leo. Haiwezi kuupa moyo utashi wa kutoiba kesho, wakati mwenye fimbo hayupo. Hata serikali iliona hatari yake, na kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka mipaka shuleni: viboko visizidi 4, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi. Pasipo mipaka hasira huitwa malezi. Nchi nzima ililia mwezi Agosti mwaka 2018, wakati mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alipofariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa kuua. Tuhuma ilikuwa ya mkoba, na gharama ikawa uhai wa mtoto.

Jibu la pili ni kumwacha. "Mwache, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Ni kweli ulimwengu hufunza, lakini ulimwengu ni mwalimu asiyejali kama mwanafunzi atatoka darasani akiwa hai. Wako waliofunzwa na ulimwengu wakatoka na hekima, na wako waliotoka na maradhi, na wengine hawakutoka. Mzazi anayeutegemea ulimwengu umlelee mwanawe na akumbuke kwamba ulimwengu haukumzaa.

Jibu la tatu huonekana kuwa la upendo, nalo ni kumdekeza. Mama amtumia kijana fedha kwa siri, amfichia makosa yake, amlipia madeni ya kamari, na kumwambia baba kwamba mtoto amebadilika. Huyu hamsaidii kijana. Aisaidia ile nusu isiyotaka. Amwondolea kijana taabu ya kuchagua, na asiyechagua habadiliki.

Kwa kifupi, fimbo yamtendea kijana kama mnyama, kuachwa kwamtendea kama mgeni, na kudekezwa kwamtendea kama mtoto mchanga. Yote matatu yasahau kwamba yeye ni mtu mwenye hiari, ambaye hawezi kuokolewa pasipo kukubali, wala hawezi kukubali pasipo kuheshimiwa.

Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili kwa kadiri yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yakataza mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Mahakama yaweza kumwachilia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya. Tena mwezi Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na wasichana waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Hayo ni mema, na mzazi asiyeyajua yampasa ayajue, kwa maana wako watoto waliokaa nyumbani kwa kudhani kwamba mlango umefungwa. Lakini sheria hufungua mlango tu. Haiwezi kumshika mtu mkono na kumwingiza. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Basi msaada wa kweli ufanane na nini? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Singida, na kwa wafugaji wengi wa nchi yetu, iko desturi ya zamani ya kukabidhiana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa jamaa na rafiki, ili maradhi au wizi ukija usiwamalize wote. Asiye na ng'ombe apokea mmoja au wawili. Huwachunga na kuwalinda, naye hunywa maziwa yao na kutia samadi yao shambani kwake. Kwa Wanyaturu samadi si jambo dogo, maana ardhi yao haizai vizuri pasipo hiyo. Shamba la asiye na ng'ombe hujulikana kwa mabua yake. Mwenye mali huja mara kwa mara kumtazama ng'ombe wake. Akikuta amekufa, huonyeshwa ngozi na kuelezwa sababu. Na mtunzaji mwema, kwa mapatano, huweza kupewa ndama, akaanza zizi lake mwenyewe.

Tuuangalie uzuri wa desturi hii. Yule aliyepokea amesaidiwa kweli kweli, maana watoto wake wanakunywa maziwa ambayo hawakuwa nayo. Lakini hakuna amwitaye ombaomba. Amepewa amana, na mpewa amana ni mtu aliyeaminiwa. Hapotezi heshima, bali huipata. Tena yule aliyetoa hakujifanya mfadhili, kwa maana naye amefaidiwa: mali yake inalindwa. Na hakuna anayedanganywa, kwa kuwa ng'ombe hukaguliwa, na uzembe huulizwa.

Hivyo ndivyo ulivyo msaada ambao kijana mwenye moyo wa kujivuna aweza kuupokea. Umpe amana, usimpe sadaka. Yule mjomba wa mfano wetu, badala ya kumwambia tu, "Turudi nyumbani," angeweza kumwambia, "Nina kuku 10 na banda linalovuja, nahitaji mtu wa kulitengeneza na kuwatunza, na mayai tutagawana." Neno hilo halimfichii kosa lake, wala halimvui nguo. Lamwambia kwamba yuko mtu anayemhitaji. Kijana ambaye hajawahi kuhitajiwa na mtu yeyote kwa jambo jema atastaajabu, na katika mastaajabu yake ile nusu inayotaka itapata nafasi ya kusema.

Na yale magunia mawili ya alizeti? Yalipwe. Wako wanaodhani kwamba kusamehe ni kufuta deni daima. Lakini mara nyingi kumruhusu mkosaji alipe ni fadhila kubwa zaidi. Akilipa, hata kidogo kidogo kwa msimu mzima, siku ya mwisho aweza kumtazama baba yake machoni kama mtu na mtu. Asipolipa, msamaha wenyewe huwa mzigo, nao hurudi kukumbushwa kila sikukuu. Adhabu isiyo na mwisho ni kisasi, na msamaha usiompa mtu nafasi ya kulipa humwacha mdogo siku zote.

Yupo atakayeuliza: na kama hata hivyo kijana akataa? Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa nje, yaani kumwacha mtu na kumngoja mtu. Monika, mama yake Augustino, alimwomba askofu mmoja amkabili mwanawe na kumshinda kwa hoja. Askofu alikataa, aliona kwamba kijana hajawa tayari kufundishwa, akamshauri mama amwache kwa wakati ule na kumwombea. Lakini Monika hakuacha. Alingoja, tena alingoja kwa miguu yake, akavuka bahari kumfuata Italia. Huko Milano Augustino alikutana na askofu Ambrosi, naye mwenyewe aeleza kwamba alianza kumpenda, si kwanza kama mwalimu wa ukweli, bali kama mtu aliyemtendea kwa wema. Wema ulitangulia, fundisho likafuata nyuma. Alibatizwa mwaka 387, na tangu ule usiku wa matunda ya jirani ilikuwa imepita miaka zaidi ya 15.

Amwachaye mtu hufunga mlango na kusema kwamba mwenyewe ametaka. Amngojaye huuliza habari zake kwa wasafiri, humwekea sehemu yake ya chakula, humtumia salamu zisizo na lawama, wala hambadilishii mtu mwingine kitanda chake. Wote wawili hawamvuti kwa kamba. Lakini siku ile moyo wake utakapogeuka, mmoja wao atakuwa na mlango wazi na mwingine hatakuwa nao.

Nawe kijana usomaye maneno haya, labda katika gazeti ulilofungiwa maandazi, sikia neno moja. Unadhani kwamba mwenye nguvu ni yule asiyehitaji mtu. Tazama basi wenye nguvu wote unaowajua. Dereva wa lori hukubali kusukumwa likikwama matopeni. Mchimbaji hashuki shimoni pasipo mwenzake wa kushika kamba juu. Hakuna anayewaita dhaifu. Aitwaye mjinga ni yule ashukaye peke yake. Kusema "nisaidie" ni tendo la hiari, na pengine ndilo tendo lako la kwanza la hiari baada ya siku nyingi, kwa kuwa mambo mengine yote ulikuwa ukiyafanya kwa kusukumwa na kundi, na njaa, na hasira. Wala usingoje mpaka moyo wako wote utake. Moyo wote hautaki kwa siku moja. Ianze kazi na ile nusu uliyo nayo. Na ukianguka, usiseme kwamba yote yalikuwa bure. Aliyekwenda hatua 10 akaanguka hajarudi alikotoka, ameanguka palepale kwenye hatua ya 10.

Sasa twafika penye jambo gumu kuliko yote, nalo halimhusu kijana bali latuhusu sisi. Mtu hawezi kubadilika kikamilifu peke yake, kwa maana jina la mtu hukaa vinywani mwa watu wengine. Kijana aweza kulipa magunia, kuacha pombe, kuamka alfajiri na kufanya kazi miaka miwili. Lakini kuku wa jirani akipotea, macho yote yakimgeukia yeye, tumemnyang'anya kile alichokipata. Tumemwambia kwamba kwetu sisi yeye ni mwizi aliyepumzika tu. Je, tutastaajabu akirudia njia ambayo jina lake limemngoja? Mara nyingi twalalamika kwamba vijana hawabadiliki, na kumbe ni sisi tusiobadilisha tuliyoyasema juu yao.

Wasomaji wetu wote waijua habari ya mwana mpotevu. Huyo mdogo alirudi, akapokelewa, na ngoma zikapigwa. Lakini habari yenyewe yaishia uani, ambapo baba yu akimsihi kaka mkubwa, yule mwema asiyepotea kamwe, aingie ndani. Wala hatuambiwi kama aliingia. Jambo hilo limeachwa bila jibu, na kila mji ulio na kijana aliyerudi huulizwa.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, walimu, wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, katika Singida na mahali pote nchini, wafanye mambo haya ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila kijana aliyepotoka na apatiwe mtu mzima mmoja, mmoja tu, ambaye atamngoja pasipo kuchoka na kusema naye faraghani. Apewe amana ndogo, na akiitunza apewe kubwa zaidi. Kosa lake lipewe malipo yanayolipika, na malipo yakisha kutimia, kosa hilo lisitajwe tena kikaoni, wala penye pombe, wala penye ugomvi. Mwenye kulitaja baada ya hapo na ahesabiwe kuwa ndiye mvunja amani.

Leo jioni, katika mji fulani, yupo kijana ambaye nusu yake yataka kurudi nyumbani. Anahesabu watu ambao watamcheka. Tuangalie asituhesabu na sisi miongoni mwao.